Anasikia sauti yangu, hapati maneno

SHANGAZI ANAJIBU: maswali ya wasomaji kuhusu afya

Swali

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Nyakato hapa Mwanza. Mume wangu ana mashine ya kukoboa mpunga kule Igoma, na ameisimamia mwenyewe tangu watoto wakiwa wadogo. Sasa hivi hatuelewani, na wala hatujagombana. Nikimwita anaitika. Mvua ikianza kugonga bati yeye ndiye wa kwanza kusema nguo zianuliwe. Lakini maneno yanamchanganya. Juzi nilimwambia nje kuna mtu, akatoka kuangalia mti. Nikamwomba aniletee simu chumbani, akaniuliza kwa hofu sumu ya nini. Nikisema kawaida ananiambia ninamung'unya. Nikirudia kwa sauti kubwa anasema namgombeza mbele ya watoto. Akienda Mwaloni kununua dagaa ndiyo kabisa, anatikisa kichwa tu na kukubali bei ambayo hakuisikia. Watoto wanasema baba anajifanya.

Alipimwa hospitali, akapewa karatasi yenye mstari unaokwenda sawa kisha unaporomoka upande wa kulia. Wakasema ni kelele za mashine na hakuna dawa. Jirani yetu anauza matone ya mafuta, anasema ni uchafu tu umejaa. Shangazi, ni uziwi gani huu wa kusikia mvua na kukosa "mtu"? Na kwa nini nikipaza sauti mambo yanazidi kuharibika?

*Mke wa Fundi Mashine, Nyakato*

Jibu

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeipenda kwa sababu umeyaandika makosa yenyewe. Wengi huniandikia "hasikii" wakaishia hapo, nami nabaki kubahatisha. Wewe umeniletea mtu na mti, simu na sumu. Kwa mimi niliyezeeka nikipima masikio ya watu wa mji huu, hayo ni majibu ya maabara.

Tuanze na karatasi. Ule mstari husomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kushoto ni sauti nene: injini ya boti, ngoma, mngurumo wa lori. Kulia ni sauti nyembamba: filimbi, ndege, herufi s. Hupimwa kwa mitetemo ya kila sekunde, yaani hezi. Kwa ulivyoeleza, mumeo yuko vizuri upande wa sauti nene, halafu anaporomoka. Kwa watu wa mashine, shimo huwa refu zaidi karibu na hezi 4,000, na mara nyingi mstari huinuka kidogo ukifika 8,000. Mafundi wa kuchomelea huja na shimo hilohilo, na waendesha boti pia. Mvua juu ya bati ina kishindo cha kutosha upande wa kushoto, na jina lake unapomwita hubebwa na irabu. Hivyo vinamfikia. Waambie watoto kwamba baba yao hajifanyi.

Sasa mtu na mti. Kila irabu tunayotamka ina nguvu zake zimekusanyika kwenye vilele, na viwili vya kwanza ndivyo vinavyoitambulisha. Irabu i na irabu u zina kilele cha chini mahali pamoja, karibu na hezi 300. Zinaachana kwenye kilele cha pili: cha u kiko chini ya 1,000, cha i kimepanda kupita 2,000. Mnyang'anye mtu sauti zote zilizopita 2,000, na kinachobaki cha i kinafanana mno na u. Hapo simu inakuwa sumu. Na kwa nini mtu akawa mti, kinyume chake? Kwa sababu ubongo ukishaona kwamba irabu hizo mbili haziaminiki tena, hukisia kwa kutumia maneno yanayozunguka, na siku nyingine hukisia kwa kwenda upande wa pili. Na kama nyumbani mnaongea Kisukuma, nadhani ana kazi kubwa zaidi, maana Kiswahili kina irabu tano zilizokaa mbalimbali ilhali Kisukuma kina saba, zimesogeleana.

Ingekuwa ni sauti kupungua tu, ungepaza yakaisha. Hapa ndipo watu wengi hupotea, hata sisi wa koti jeupe. Ndani kabisa ya sikio kuna koklea, mrija wenye umbo la konokono uliojaa majimaji. Ukinyooshwa una urefu wa milimita 35 hivi. Humo mna seli zenye vinyweleo. Za safu ya ndani ni kama 3,500, na ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Za safu za nje ni kama 12,000, na kazi yake ni nyingine kabisa: hujinyoosha na kujikunja zenyewe kwa kufuata mtetemo, zikaikuza sauti ndogo na kuibana ikae mahali pake pasipo kumwagika pembeni. Kutoka kwenye koklea zinatoka nyuzi za neva ya kusikia, kama 30,000 kwa kila sikio, na kila uzi una sauti yake unayoipokea vizuri kuliko nyingine.

Nenda Mwaloni alfajiri ufumbe macho. Huyu ana dagaa, yule sangara, yule sato, na kila mchuuzi anatangaza chake. Kwa kusikiliza tu ni nani anayeita, na anaita kwa mwendo gani, utajua leo ziwa limetoa nini. Neva nzima ya kusikia hufanya vivyo hivyo. Ukisema i, nyuzi za karibu na 300 zinatangaza 300, za karibu na 2,200 zinatangaza 2,200, kila kundi likipiga kwa kufuata mtetemo wake. Ubongo unasoma mambo mawili kwa pamoja: ni nyuzi zipi zinapiga, na zinapiga kwa mdundo gani. Seli za nje zikifa, wachuuzi hawahami, ila kila mmoja anaacha bidhaa yake na kutangaza ile inayovuma zaidi sokoni. Aliyekuwa na sato naye anaita sangara. Kelele za soko ziko palepale, lakini wewe uliyefumba macho hujui tena kilicholetwa.

Haya yalirekodiwa, uzi mmoja mmoja. Mwaka 1979 Murray Sachs na Eric Young wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walichapisha kazi waliyofanya kwenye neva za paka waliokuwa wakisikilizishwa irabu za binadamu. (Paka hajali unasema nini, lakini koklea yake inafuata kanuni zilezile za ya kwetu.) Waliona makundi ya nyuzi yakishika vilele vya irabu, kila kundi chake. Mwaka 1997 Young na wenzake, akiwemo Roger Miller, wakatoa matokeo ya paka walioumizwa masikio kwa kelele kali. Nyuzi zilizopaswa kushika kilele cha pili zilikiacha, zikafuata kilele cha kwanza pamoja na mitetemo mingine iliyo katikati. Kumbuka kwamba irabu ilikuwa imepazwa vya kutosha kuziamsha nyuzi hizo. Sauti ilifika kwenye neva, ila haikuwa irabu ile tena.

Sasa swali lako la kupaza sauti. Jaribu hapo ulipo: piga kelele herufi f. Haipazwi! Piga kelele herufi s, utaishia kutoa mate. Kinachopazwa ni irabu, na hasa kile kilele chake cha chini ambacho mumeo hana shida nacho. Kwa hiyo ukipaza unamzidishia alichonacho, na alichokosa kinabaki kilekile. Mbaya zaidi, sauti nene ikiwa kubwa huifunika ile nyembamba inayokuja pamoja nayo, na sikio lililopoteza seli za nje halina tena namna ya kuzitenganisha. Kisha kuna hili la kugombezwa. Seli za nje zilikuwa zinakuza sauti ndogo. Sauti kubwa hazikuhitaji msaada wao. Zikiondoka, sauti ndogo zinatoweka huku kubwa zikibaki na ukubwa wake uleule. Kati ya "sikusikii" na "unanipigia kelele" pamebaki nafasi finyu, na wewe kila siku unairuka. Anaposema unamgombeza, ndivyo anavyosikia hasa.

Konsonanti ndizo zinazoumia kuliko vyote. Nguvu nyingi ya s iko juu ya hezi 4,000, palepale penye shimo lake. Sh iko chini kidogo, f ni dhaifu popote uitafutapo. P, t na k ni mpasuko wa muda mfupi mno. Mwambie "nimefika" atasikia "nimeshika". "Kata" na "pata" ni bahati nasibu. Sokoni balaa ni sita na tisa. Yatazame maneno hayo: irabu zilezile kwa mpangilio uleule, konsonanti zilezile zimebadilishana nafasi tu, na zote mbili ni za upande wake mbovu. Asikubali bei ya elfu sita mpaka aone vidole, na hilo siyo aibu, Mwaloni watu huonyeshana vidole hata wenye masikio mazima. Kwenye simu ni hivyohivyo: simu ya kawaida hupitisha sauti za hezi 300 hadi 3,400 tu, kwa hiyo hata mimi s na f kwenye simu nazikisia. Bei na tarehe mtumie kwa ujumbe.

Lakini kuna neema moja, na nataka uishike kuliko yote niliyoandika. Kinachopotea kwanza sikioni ni habari ya wapi mdomoni herufi imetamkiwa, na hiyo ndiyo macho yanayoiona. Simama mbele ya kioo useme simu, kisha sumu. Midomo ya i imetanuka, ya u imechongoka. F inauma mdomo wa chini, p inafunga midomo, k haifanyi lolote kati ya hayo. Alichonyang'anywa na mashine kiko usoni pako. Kwa hiyo usimsemeshe ukiwa jikoni naye yuko sebuleni. Mwite kwanza, akugeukie, mwanga uwe usoni kwako na si mgongoni, ondoa mkono na kona ya kanga mdomoni. Sema kwa sauti yako ya kawaida, punguza mwendo kidogo tu. Taja jambo kabla ya habari: "Kuhusu ada ya mtoto..." halafu endelea, maana ubongo unaokisia hukisia vizuri ukijua uko wapi. Na usilirudie neno lilelile alilolikosa, libadilishe. "Mtu" likishindikana sema "mgeni". Mgeni hawezi kugeuka mti.

Hospitali wamesema kweli kwamba seli hizo hazioti tena. Za kuku wako uani huota upya zikiharibika, ndege wamejaliwa hivyo, sisi hatukujaliwa. Ila "hakuna dawa" siyo sawa na "hakuna msaada". Kuna shimesikio, kile kifaa kinachovaliwa sikioni. Kizuri hupangwa kulingana na karatasi yake, kikaongeza zile nyembamba bila kuzigusa nene, na kukuza sauti ndogo kuliko kubwa ili asiumie. Hakiwarudishi wachuuzi kwenye bidhaa zao, na yeyote anayekuahidi hivyo anauza. Kwenye kelele bado atahangaika. Wiki za kwanza atalalamika kwamba sahani zinalia na mifuko ya plastiki inachakarika. Huo ni ubongo unaokutana upya na sauti ulizosahau. Akivue wakati wa kulala, siyo kila anapoudhika. Nimeona vifaa vingi vya bei vikiishia kwenye droo kwa sababu mwenyewe alikivaa Jumapili tu.

Kuhusu kifaa cha kupandikizwa ndani ya koklea ambacho watu hukisikia redioni (Muhimbili walianza kupandikiza mwaka 2017), kile ni cha waliopoteza karibu usikivu wote. Mumeo hajafika huko. Ila inanishangaza kila nikifikiri: elektrodi (ncha ndogo za umeme) kati ya 12 na 22 tu zinachukua nafasi ya maelfu ya seli, na wengi wanaopandikizwa wanaelewa mazungumzo. Ubongo unaweza kusoma mwandiko mbaya sana ukipewa muda.

Matone ya jirani mwachie jirani. Nta ikijaa hupunguza sauti, lakini haimchagulii mtu akose s na kusikia mvua, na daktari aliyempima angeiona kwa kuchungulia tu.

Na mashine bado inafanya kazi, sivyo? Akiwa pale avae vizibo au vile vifuniko vikubwa vya masikio, kila siku, hata akisema keshaharibika. Kilichobaki upande wa kushoto wa mstari ndicho kinachomfanya aitike ukimwita.

Swali

Shangazi, mimi ni kijana wa Mabatini, ninafunga na kuendesha muziki kwenye harusi. Kila baada ya sherehe masikio yanalia mpaka kesho yake, kisha yanatulia. Nikiwa baa au kwenye daladala siwaelewi watu. Nimepimwa, wameniambia masikio yangu ni mazima. Je, ni akili?

*Fundi Spika*

Jibu

Siyo akili. Kile kipimo cha kubonyeza kitufe ukisikia mlio kinauliza jambo moja tu: sauti ndogo kabisa unayoisikia mahali penye ukimya ni ipi? Hakiulizi unaelewa nini kwenye daladala.

Mwaka 2009 Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Boston waliwaweka panya kwenye kelele ya desibeli 100 kwa saa 2 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Baadaye usikivu wao ukarudi kawaida kwa kipimo. Seli zenye vinyweleo zilikuwa nzima. Lakini walipotazama pale uzi wa neva unapogusana na seli, upande wa sauti nyembamba karibu nusu ya viungio vilikuwa vimekwisha, na havikurudi. Kwenye ukimya uzi uliobaki unatosha kusema "nimesikia"; kwenye makelele unahitaji nyuzi nyingi zikubaliane. Kwa binadamu wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani jambo hilo ndilo linaloleta shida ya namna yako, lakini mimi nisingesubiri wamalize ubishi nikiwa nimesimama mbele ya spika. Kulia kwa masikio si uchovu.

Hesabu inayotumika sana kazini ni hii: desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Harusi ya kwetu inaisha saa ngapi? Nunua vizibo vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti zote kwa kiwango kinacholingana, utaendelea kuusikia mchanganyiko wako vizuri. Na usikae kati ya spika na ukuta.

Swali

Shikamoo Shangazi. Mwanangu ana miaka 6, tuko Ukerewe. Sikio moja linatoa usaha, linakauka, linarudi. Mwalimu anasema mtoto ni mzito kuelewa. Bibi yake anasema aachwe aoge ziwani, maji yatasafisha. Dukani wameniuzia matone.

*Mama wa Nansio*

Jibu

Marahaba. Hili ni tofauti na la yule mzee wa mashine, na kwa bahati ni jepesi zaidi. Usaha unaorudi mara nyingi maana yake ngoma ya sikio ina tundu. Sauti inapungua ikiwa njiani, lakini koklea na neva zikiwa nzima zinaandika maneno sawasawa. Huyu ukisogea na kusema kwa sauti kidogo, anakupata. Kwa hiyo mwalimu amweke mbele, sikio zuri likiwa upande wake, kabla ya kumwita mzito. Mtoto wa miaka 6 bado anajifunza maneno, na miezi ya kusikia nusu haimpiti bure.

Ziwani hapana. Mwambie bibi kwa heshima zote: maji yakipita kwenye lile tundu yanapeleka vijidudu ndani. Akioga nyumbani mzibe kwa pamba iliyopakwa mafuta ya mgando, kisha uitoe. Matone ya dukani usiyatie mpaka mtu amchungulie sikio, kwa sababu baadhi yana dawa za jamii ya gentamaisini, na hizo zikipenya kwenye tundu zinaweza kuua seli zilezile nilizomweleza mama wa Nyakato. Usitie pia maji ya kitunguu wala mafuta ya kupikia.

Mpeleke hospitali wasafishe sikio, waone tundu, wachague matone yanayofaa. Akivimba nyuma ya sikio, akipata homa, kizunguzungu, au uso ukipinda upande mmoja, mwahishe siku hiyohiyo.